Farasi wa Sabini na Mbili

Jumapili, tarehe 3 Machi

Mke wangu,

Natumaini mmefika salama, wewe na binti yetu na mgonjwa wetu, na kwamba hiyo hospitali kubwa imewapokea kama watu. Mimi mzima. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alitaka kuniandikia, kwa kile kimbelembele chake, nikamwambia mimi nimekaa darasani miaka miwili na nusu, herufi zote nazijua, nyingine hata nimezipa majina ya utani.

Simu usipige. Mbwa wetu Mwizi ametafuna waya wa simu vipande vitatu. Viwili nimeviokota, cha tatu sijakiona, nadhani atakitoa mwenyewe.

Habari za nyumbani ni hizi. Huyo paka wako Shangazi amegundua namna ya kufungua kabati la jikoni, anaingia kwenye sufuria ya unga na kulala humo. Asubuhi alitoka mweupe nikadhani ni paka wa watu. Sungura wa mjukuu wetu Redio, huyo Meno, amekula mguu wa kiti chako kile cha dirishani, akamalizia na kisigino cha buti langu la kushoto. Sasa nachechemea bila kuumwa. Mwizi nimemfunga mnyororo kama binti yako alivyoagiza. Hajabweka tangu nimfunge. Ananiangalia tu.

Farasi Sitaki naye yupo, leo siku ya ishirini na mbili tangu mwenye kiwanda cha matofali amlete. Nilimwahidi siku arobaini na mimi ahadi yangu unaijua. Tandiko hataki, lijamu hataki, ukimpa maji anapiga ndoo teke kwanza, ndipo anakunywa yaliyomwagika chini. Juzi aliniuma bega. Nilisimama nikisubiri maumivu yaje. Hayakuja. Nikaendelea kufagia banda.

Usinihurumie. Nimefunza farasi sabini na mmoja na hakuna hata mmoja aliyerudishwa na mwenyewe. Huyu ni wa sabini na mbili, basi.

Redio anaongea? Mwambie Meno hajambo. Mguu wanasemaje? Mnarudi lini?

Mimi mumeo,
Bwana Farasi
(mnavyoniita mkidhani sisikii)


Jumatatu, tarehe 11 Machi

Mzee wangu,

Barua yako nimeipata kwa kondakta. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kubahatisha herufi, ya pili kwa kuelewa.

Mtoto amepasuliwa Jumatano. Mfupa wa paja ulivunjika sehemu mbili, wameweka chuma, na sasa plasta imetoka kiunoni mpaka kidoleni. Daktari anasema ni wiki nane kitandani, halafu ndipo tutajua kama atatembea sawasawa. Mimi na binti yako tunapokezana. Mmoja analala kwenye kiti, mwingine analala kwenye chumba tulichopanga nyuma ya hospitali, chumba kina kitanda kimoja na ndoo mbili.

Haongei, mzee. Yule mtoto tuliyemwita Redio kwa sababu hazimiki, tangu tumefika hajasema neno. Akitaka maji ananyoosha kidole. Wamemwangalia koo, masikio, kichwa, hawaoni kitu. Muuguzi wa zamu ya asubuhi anamwimbia, yeye anatazama dari.

Sasa sikiliza. Binti yako amesema, na mimi namwunga mkono: hatarudi kwenye nyumba hiyo na mwanawe maadamu farasi yule yupo. Mrudishe Sitaki kwa mwenyewe. Mwambie umeshindwa, mwambie umezeeka, mwambie lolote. Ukishamrudisha, niandikie, tujue tunarudi nyumbani au tunatafuta chumba kikubwa zaidi huku.

Halafu anataka umweleze tena ile Jumamosi ilikuwaje. Sisi tulikuwa sokoni. Tulipofika tulikuta umembeba mtoto mlangoni, ukasema Mwizi alifungua komeo la banda kwa pua, mtoto akamfuata ndani, farasi akampiga teke. Anataka kusikia tena, pole pole. Sijui kwa nini. Mwandikie.

Unga wa kwenye sufuria mwaga wote.

Mkeo


Jumapili, tarehe 17 Machi

Mke wangu,

Unga sikumwaga. Niliuchekecha. Nywele zilibaki kwenye chekecheo na mkate ulitoka vizuri.

Hilo la kumrudisha Sitaki halipo. Mnataka mji mzima useme Bwana Farasi kashindwa na mnyama wa mwenye matofali? Nani aliyemlainisha yule jike wa mwenye mashine ya kusaga, aliyekuwa ameshavunja watu wawili mikono? Nani aliitwa kutoka hapa mpaka ng'ambo ya mto kwa ajili ya farasi wa daktari wa mifugo, daktari mwenyewe kasimama pembeni na dawa zake mkononi? Mimi. Na kila farasi niliyemmaliza nilimkabidhi kwa namna ileile mnayoijua: namweka mgongoni mtoto mdogo kuliko wote nyumbani, namzungusha uani mara tatu, mwenye farasi anaangalia. Akishaona hivyo haulizi swali la pili. Huo ndio muhuri wangu. Mama yake Redio amepanda farasi kumi na tisa kabla hajang'oka jino la kwanza, na hajawahi kuanguka hata siku moja, mwulize.

Leo siku ya thelathini na sita. Mwenyewe anakuja Alhamisi. Sitaki hajakubali tandiko lakini atakubali.

Ile Jumamosi ni kama nilivyosema. Mlienda sokoni. Nilikuwa nyuma ya nyumba nanoa kisu cha kwato. Mwizi akafungua komeo kwa pua. Mtoto akaingia. Nikasikia kishindo. Ndiyo hivyo. Hakuna pole pole wala haraka, kitu kimetokea mara moja.

Nakula. Nalala. Asubuhi naamka nakuta ni asubuhi. Shangazi amehamia kwenye kitanda cha Redio, nilipomtoa akarudi, nikamwacha. Meno ametafuna pindo la pazia mpaka pale anapofika akisimama. Fundi cherehani alikuja kupima pazia, akaniuliza mbona nyumba imekuwa kimya hivi. Nikamwambia ukimya ni raha. Akasema, "Raha gani, mzee, hata redio yenyewe huwashi." Nikamwonyesha mlango.

Hujaniambia chuma walichoweka ni cha kutoa au cha kubaki.

Mumeo,
Bwana Farasi


Jumapili, tarehe 24 Machi

Baba,

Shikamoo. Chuma ni cha kubaki.

Mama anajua nakuandikia lakini hajui nakuandikia nini. Nina swali moja tu.

Siku ile pale mapokezi waliponiambia nimvue mtoto viatu ili wakate suruali, nilikuta amevaa buti zangu. Zile nyekundu za utotoni, za kupandia, ambazo tangu niolewe zimo kwenye sanduku chini ya kitanda chako. Wakati ule sikuwaza. Unajua mtu akiwa kwenye hali ile, unamwambia vua anavua, unamwambia shika anashika. Lakini sasa nimekaa kwenye kiti hiki mwezi mzima na sina kingine cha kufanya ila kuwaza.

Mwanangu hajui kufunga kamba za viatu. Wewe mwenyewe humcheka. Na zile kamba zilifungwa fundo mara mbili na ncha zikaingizwa ndani, ili zisinase popote. Muuguzi alihangaika nazo, akashindwa, ikabidi azikate kwa mkasi.

Nani alimfunga?

Mume wangu alipofariki, wewe ndiye uliyesema nyumba yako ni yetu, mimi na mtoto. Nilikuja kwa sababu niliamini hakuna mahali pengine mtoto angekuwa salama zaidi. Ndiyo maana nauliza.

Binti yako


Jumapili, tarehe 31 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Barua hii ni yako na ya mama yako pamoja, karatasi zimekwisha.

Mwenye matofali alikuja Alhamisi ile. Sitaki hakuwa tayari. Nikamwambia lijamu alilolileta si saizi yake, aniongezee majuma matatu. Akakubali. Alikuja na mkewe, kumbe farasi ni zawadi yake. Mama mwenyewe alimtazama Sitaki akipiga ukuta mateke akasema, "Mume wangu, si ungeninunulia saa?"

Nimefikiri kuhusu maneno yenu na nimechukua hatua kubwa. Mwizi nimemtoa. Nimempa muuza magazeti wa kituo cha basi, anataka mlinzi wa kibanda chake. Kwa hiyo komeo halitafunguliwa tena na mtu wala mnyama, na nimeongeza kufuli juu yake. Nyumba sasa ni salama. Mnaweza kurudi daktari akiwaruhusu. Sitaki anabaki mpaka nimmalize, baada ya hapo tutaongea.

Kuhusu viatu, watoto huvaa chochote wanachokiona.

Nilipoondoka Mwizi alinifuata mpaka kona na mnyororo mdomoni, muuza magazeti akamwita, akaenda. Nilirudi nikaketi. Nilikaa mpaka chai ikapoa, nikainywa hivyohivyo.

Mkimsomea Redio, mwambieni Meno ameota manyoya mapya shingoni.

Bwana Farasi


Jumapili, tarehe 7 Aprili

Mwenzangu,

Naandika mimi kwa sababu binti yako hataki kushika kalamu.

Barua zako huwa namsomea mtoto, maana humo mna habari za wanyama wake. Tulimsomea na hii. Alikuwa ameangalia dirishani. Nilipofika pale pa Mwizi na muuza magazeti, akageuza kichwa. Nikasoma mpaka mwisho. Nikakunja karatasi. Akasema:

"Mwizi hakufanya kitu."

Majuma sita, mzee, na hilo ndilo neno lake la kwanza. Mama yake akadondosha kikombe. Nikamwuliza, "Umesemaje, mjukuu wangu?" Akarudia, "Mwizi hakufanya kitu. Alikuwa amelala kwenye mkeka. Mwambie babu amrudishe." Mama yake akamwuliza, sasa mlango alifungua nani? Akamwuliza, buti alikuvisha nani? Akavuta shuka mpaka machoni. Hata daktari alipokuja hakufungua mdomo tena.

Nimeishi na wewe miaka arobaini na tatu. Najisifu kwamba najua ukidanganya, maana unapodanganya unafupisha. Jumamosi yako ina mistari minne. Hadithi ya farasi wa mwenye mashine ya kusaga iliwahi kula kurasa mbili.

Jirani fundi cherehani amenipigia simu hapa hospitali kutujulia hali. Anasema anaisikia simu yetu ikilia kila siku saa moja jioni. Ni mimi napiga. Kumbe waya ulishatengenezwa.

Sema, mzee. Siyo kwa ajili yangu. Mtoto amebeba kitu kizito kuliko ile plasta, na anakibeba kwa ajili yako.

Mkeo


Jumatano, tarehe 10 Aprili

Mke wangu na binti yangu,

Waya nilitengeneza mwenyewe siku ya tatu. Simu nilikuwa naisikia. Kwenye barua naweza kukaa na neno mpaka linyooke. Kwenye simu ungesikia.

Mwenye farasi alikuwa aje Jumapili ile, tarehe ishirini na nne Februari, kuangalia maendeleo tu. Siku ilikuwa ya kumi na tano, hakuna aliyenidai nimalize. Mdomo wangu ndio ulionidai. Nilikuwa nimeshamwambia yeye, na fundi cherehani, na watu wawili kwa kinyozi, kwamba Jumapili watamwona mtoto mgongoni kwa Sitaki, wakati mwingine yeyote angehitaji miezi mitatu. Mlipoenda sokoni Jumamosi nikasema nijaribu kwanza.

Buti nilizitoa mimi. Kamba nilifunga mimi, mara mbili, ncha ndani. Redio alikuwa anaongea mfululizo, alimwambia farasi kwamba jina lake ni baya, akapendekeza mengine sita. Mwizi alikuwa kwenye mkeka, kama alivyosema. Nilimpandisha. Tukazunguka mara ya kwanza, Sitaki kimya. Mara ya pili, kimya. Nilijua ule si ukimya mzuri. Masikio yalikuwa nyuma. Mwanafunzi wangu yeyote angefanya hivyo ningemchapa fimbo ya mgongo. Lakini mimi nilishaanza kumwona mwenye matofali akifungua mdomo wazi.

Mara ya tatu mtoto akasema, "Babu, niachie niendeshe mwenyewe." Nikaachia kamba. Hakuna aliyenilazimisha. Niliachia.

Alirushwa kwenye ukuta wa birika la maji. Hakulia. Nilimwokota, na kutoka pale mpaka mlangoni ni hatua thelathini, nimezihesabu tena jana. Katikati ya hizo nikamwambia, "Ukiulizwa, sema Mwizi alifungua mlango, ukaingia mwenyewe." Akasema, "Sawa, babu." Baada ya hapo mkatokea na vikapu vyenu.

Mnasema hajaongea tangu mfike huko. Hajaongea tangu "sawa, babu."

Ndiyo hiyo Jumamosi. Imekuwa ndefu sasa.

Jana nilikwenda kituoni kumchukua Mwizi. Muuza magazeti alisema mbwa gani huyu, ameiba magazeti ya siku nne na kuyalalia. Leo asubuhi nikamfungulia Sitaki nikamvuta kwa miguu mpaka kiwandani, mwendo wa saa mbili na nusu, aliniuma mara moja tu. Mwenye matofali akasema, "Kumbe amekuwa tayari, mzee?" Wafanyakazi walikuwepo, kama ishirini hivi, wameacha matofali wanasikiliza. Nikamwambia hayuko tayari. Nikamwambia nilimpandisha mjukuu wangu kabla ya wakati kwa kutaka sifa, mtoto akavunjika, nikamsingizia mbwa. Nikamwambia farasi hana kosa, atafute mtu mwenye subira. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Yule mkewe aliniletea kiti, sikukaa.

Nilidhani nikishasema nitasikia kitu. Uchungu, au nafuu. Nilirudi kwa miguu nikihesabu nguzo za umeme. Banda nimelifagia, halina mtu. Kibao cha mlangoni chenye jina la kazi yangu nimekitoa, misumari miwili ilikatika ndani ya ukuta nikaiacha.

Mrudi au msirudi, farasi hapa hapana tena. Lakini sikuandika ili mrudi. Binti yangu aliuliza swali akapewa jibu la kipumbavu, sasa jibu ni hili: ni mimi.

Karatasi ya pili, iliyokunjwa ndogo, ni ya Redio. Msomeeni kama ilivyo.

Mimi


(karatasi iliyokunjwa)

Mjukuu wangu Redio,

Babu yako anakuandikia. Yale maneno niliyokuambia nimekubeba hayakuwa maneno ya kumwambia mtoto. Yalikuwa uongo na uongo ulikuwa wangu. Wewe hukuvunja ahadi yoyote. Mtu yeyote akikuuliza, mama, bibi, daktari, mwambie yote, na mahali ambapo babu alikosea paseme kwa sauti.

Mwizi amerudi. Ananuka wino.

Babu yako


Jumatatu, tarehe 15 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Nilisoma barua yako nje, kwenye ngazi, halafu nikaisoma tena. Mama aliisoma akalala palepale kwenye kiti, mchana. Sikumwamsha.

Karatasi ya mtoto nilimsomea jana. Alitaka kuishika mwenyewe. Baadaye akaniambia yote, tangu sanduku mpaka birika, bila kupumzika, na yale majina sita akayataja. Alipomaliza akaomba maji kwa mdomo. Daktari amefurahi. Watu wengi wamefurahi. Mimi sijajua bado nina nini.

Kuhusu kurudi, hapana. Nimepata kazi ya kufua hapahapa hospitali na mtoto akishuka kitandani ataanza shule ya mtaa huu. Mama atachagua mwenyewe. Hasira ningeijua, baba, nimeshawahi kukasirika. Hii siyo hasira. Ninakuona umeshika ile kamba, na kila nikifika pale unapoiachia, picha inasimama.

Lakini mtoto anauliza babu anakuja lini. Nimemwambia nitakuuliza. Barua ameipokea, sasa anatakiwa ayasikie maneno hayo kwa mdomo wako, na mimi niwe nimesimama pale. Usije na zawadi. Usije na hadithi ya farasi mwingine.

Basi la Alhamisi linafika saa nane. Saa za kuona wagonjwa ni saa kumi mpaka saa kumi na mbili, kabla ya hapo hawafungui mlango, hata ukijisifu. Wodi ya watoto, ghorofa ya kwanza, kitanda cha tisa.

Binti yako